Maneno Niliyoyakataa

4 Novemba

Kinyozi asiyeongea ni nusu kinyozi. Kwetu, mteja akikaa kwenye kiti changu, mkasi ulikuwa kazi ya mkono tu. Mdomo ndio uliorudisha watu. Huku nashinda ndani ya ghala la baridi nikipanga masanduku ya mboga zilizogandishwa, na tangu naingia mpaka natoka hakuna hata wa kumuuliza ameamkaje. Kinywa kikijaa lazima kimwagwe mahali. Ndiyo maana nimenunua daftari hili.

Baridi imeingia. Mke wangu anasema hii bado ni salamu, yenyewe haijapiga hodi. Yeye alitangulia kuja, akapata kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, kisha akatuita mimi na binti yetu. Anaongea na watu wa huku kama aliyekua nao. Mimi nina maneno manne: sanduku, haraka, kesho, asante. Yananitosha. Sikuja huku kuota mizizi. Nimekuja kuchuma, nirudi nifungue saluni yenye vioo mpaka darini, wale walionicheka waje wajione humo.

6 Novemba

Bibi wa chini amegonga dari yake kwa ufagio tena. Nilikuwa natembea tu, kutoka kitandani kwenda jikoni. Sasa nitembee kwa magoti? Tumempa jina: Bibi Ufagio.

9 Novemba

Jumapili. Nimenyoa watu bafuni, wote wa lugha yetu. Mteja anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa ubao, nami nasimama ndani ya beseni la kuogea ili nipate nafasi ya kuzungusha mkono. Tumecheka mpaka Bibi Ufagio akagonga.

Mwakani alikuwepo. Tunafanya naye kazi ghala moja ila zamu tofauti. Jina hilo amepewa kwa kuwa kila ukimuuliza anarudi lini kwao, jibu ni "mwakani". Ana mvi sasa. Leo ameniambia, "Ndugu yangu, lugha ya watu ni kama nguo ya mtumba. Ivae utakavyo, mabega hayakai." Nimempenda kwa hilo. Ndiyo falsafa.

Wageni walipoondoka mke wangu alisema, "Kaka yule alikuwa anarudi mwakani tangu mimi sijakanyaga hapa." Kisha akakaa jikoni, mkono juu ya tumbo. Ni mimba ya miezi mitano. "Baba, kuna darasa la lugha jioni, pale karibu na maktaba. Ni bure. Mtoto huyu atazaliwa huku. Siku hiyo nani atasema na daktari?"

"Binti yupo."

"Binti ni mtoto."

"Mtoto anayejua kuliko baba yake. Mshukuru Mungu."

Hakucheka.

14 Novemba

Theluji. Binti amecheka kutwa. Mimi nimeanguka mbele ya kituo cha basi, na watu wamenitazama kwa upole, jambo linaloudhi kuliko kucheka.

20 Novemba

Mke wangu alisikia kwamba kwa kinyozi wa kona kuna kiti kitupu. Nilivaa shati jeupe, nikachukua mkasi wangu ndani ya kile kitambaa chake, nikaenda na binti. Huyu binti namwita "mama", kwa kuwa ana jina la mama yangu. Yuko darasa la tano na lugha ya hapa ameimeza kama maji.

Kinyozi ni mtu mnene, mchangamfu. Alinipa kichwa cha mzee mmoja, nikakifanya vizuri, naye akaninyooshea kidole gumba. Moyo ukapanda. Halafu akaanza kuniuliza maswali. Akiuliza, binti anajibu. Akiniuliza mimi, binti anajibu. Mwisho kinyozi akasema jambo, na wote waliokuwa wanasubiri wakacheka, si kwa ubaya.

"Amesemaje?"

Binti akasita. "Anasema mkono wako ni mzuri sana, Baba. Ila mteja anataka kuongea. Anasema kwa sasa angeniajiri mimi."

Mtu wa huku ananifundisha mimi kwamba mteja anataka kuongea! Nilikunja kitambaa changu nikatoka. Njiani binti alinishika mkono. "Alisema ukijifunza kidogo urudi."

"Sirudi."

2 Desemba

Mkutano wa wazazi shuleni. Mke wangu alikuwa kazini, nikaenda mimi. Mwalimu aliongea muda mrefu, akiinua vidole, akifungua madaftari, akinionyesha dirisha, akinionyesha binti. Niliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alipomaliza nikamuuliza binti.

"Anasema niko sawa."

"Maneno yote yale ni 'niko sawa'?"

"Niko sawa sana."

Nilicheka mpaka nje. Jioni mke wangu alimwuliza vizuri, ikajulikana kwamba mwalimu alilalamika: binti hachezi tena na wenzake, akitoka shule anakimbilia nyumbani kwa sababu "baba anaweza kunihitaji". Nimesema ni mtoto mwenye adabu. Mke wangu amesema, "Adabu ni kitu kingine. Huyo ni mtoto mwenye kazi."

11 Desemba

Bibi Ufagio amepanda mpaka mlangoni kwetu. Mara ya kwanza nimemwona uso: mwembamba, nywele nyeupe zilizokatwa vibaya kweli, sweta la kijivu. Mkononi ameshika ndara za sufi, kubwa, mpya. Akanipa. Binti akatafsiri: "Anasema ni zawadi. Anasema sakafu ni ya mbao, viatu vyako vinasikika chini kama vile uko juu ya kichwa chake."

Zawadi gani inayokuja na mashtaka? Nikamrudishia, nikafunga mlango taratibu, ili asije kusema nimeubamiza. Mke wangu aliporudi akasema, "Mtu kapanda ngazi zote hizo na magoti yale." Ameshuka kuomba radhi kwa niaba yangu. Sikumtuma.

23 Desemba

Jua la huku ni kama meneja wa ghala. Linatokea, linatazama, linaondoka.

5 Januari

Mke wangu aliniandikisha darasani bila kuniuliza. Nimekwenda, kwa ajili ya amani. Tumekalishwa kwenye viti vidogo, wazima na ndevu zetu. Mwalimu, msichana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, akainua picha ya paka na kutaka tuseme kwa pamoja. Mimi, niliyemnyoa hakimu, nimwambie msichana "paka"? Wakati wa mapumziko nikachukua koti.

Mke wangu alinikuta jikoni. Alivua viatu kwa shida, miguu imevimba.

"Umerudi mapema."

"Wanafundisha paka."

"Na mimi nilianza na paka." Akakaa. "Unajua unachoogopa? Unaogopa wasije wakakucheka. Wale hawakujui, mume wangu. Sisi ndio tunaokuona."

Nilimwambia yeye amejisahau, sasa anaongea nasi kama wao. Alinitazama kama anayetafuta mtu aliyemfahamu. Akaenda kulala na viatu vyake akaviacha palepale katikati ya jikoni.

Kazini Mwakani amenipongeza. "Umefanya kiume," amesema. Pongezi yenyewe sikuisikia tamu kama nilivyotarajia.

12 Januari

Barafu kwenye ngazi. Mke wangu ameanza likizo ya uzazi. Anakunja na kukunjua nguo za mtoto, ndogo kama za mdoli. Hatusemeshani vizuri, ila asubuhi nimempikia uji na ameunywa.

21 Januari

Sijaandika tangu tarehe kumi na mbili. Sasa naandika kwa sababu nisipoandika nitaanza kuikumbuka siku ile vingine.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na sita, mchana. Ghala lilifungwa kwa kuwa mtambo wa umeme uliharibika, hivyo nilikuwa nyumbani. Binti alikuwa shule. Mke wangu alikuwa chumbani anapiga pasi, mimi jikoni nanoa mkasi. Nikasikia pasi ikianguka. Nikadhani ni pasi tu. Kisha nikamsikia akiniita kwa jina langu. Hajawahi kuniita kwa jina langu tangu binti azaliwe.

Alikuwa chini, ameegemea kitanda. Damu ilikuwa imeshafika kwenye zulia. Akasema, "Piga simu. Sema mimba." Akajaribu kunipa neno lenyewe, lile la kwao, midomo yake ikalianza, macho yakageuka akanyamaza.

Nilipiga. Namba ile naijua, imebandikwa kila mahali. Akapokea mwanamke mwenye sauti tulivu, akauliza swali. Nikasema, "Haraka." Akauliza tena. "Haraka, haraka!" Akauliza polepole, kama mtu anayemwongoza kipofu kuvuka barabara. Nikamwambia kwa lugha yetu kwamba mke wangu anakufa. Nikamwambia mtaa wetu, na nikauona mwenyewe ukivunjika mdomoni mwangu, kwa kuwa jina la mtaa ninaoishi sijawahi kulitamka. Nalijua kwa macho tu. Akauliza tena. Hapo nikamwambia maneno yangu yote. Nikamwambia asante. Nikamwambia kesho. Mke wangu yuko sakafuni, damu inamtoka, nami namwambia mwanamke wa watu: sanduku.

Nikakata simu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekata. Yule mwanamke hakunikatia.

Nikampigia Mwakani. "Ndugu yangu, wapigie wewe, waambie waje kwangu, mke anatoka damu!" Kukawa kimya. Nikadhani mtandao. Kisha nikamsikia anapumua. "Ndugu yangu," akasema, "mimi nitawaambia nini? Mimi huwa mke wa jirani ndiye ananisemea, na leo hayupo. Nisamehe. Sijui. Sijui hata mimi." Mtu mzima na mvi zake, miaka yote ile, alikuwa analia.

Nilifungua mlango nikapiga kelele kwenye ngazi. Hakuna aliyetoka. Watu walikuwa kazini. Sikukumbuka kushuka, akili ilikuwa imeganda. Nikarudi ndani, na pale nikafanya kitu ambacho sikukipanga: nikaruka. Nikapiga sakafu kwa miguu yote miwili, na viatu vyangu, kwa nguvu zangu zote, nikapiga na kupiga mpaka vikombe vikaanguka kabatini.

Bibi Ufagio alipanda na ufagio mkononi. Alikuja kugomba, uso ulikuwa umeshafura. Akanitazama mimi, akatazama mikono yangu yenye damu, akachungulia chumbani, akautupa ufagio. Alichukua simu mezani kabla sijamwonyesha. Alisema sentensi fupi tu. Jina la mtaa akalitamka bila taabu, na ghorofa, na jambo la tatu ambalo lazima lilikuwa lile neno. Kisha akaingia chumbani akapiga magoti, yale magoti yake, akakiweka kichwa cha mke wangu mapajani mwake, akawa anamsemesha. Sijui alikuwa akimwambia nini. Mimi nilisimama pale ndani ya nyumba yangu kama mtu aliyekuja kusoma mita.

Hospitali walimwingiza ndani moja kwa moja. Bibi Ufagio akaenda kumchukua binti shuleni, akaja naye. Binti alikuwa bado na mkoba mgongoni alipokuja daktari, mwanamke mrefu aliyevaa miwani kichwani. Daktari akanitazama, akamtazama binti, akauliza kitu.

"Anauliza kama yupo mtu mzima wa kutafsiri," akasema binti. "Nimemwambia hayupo."

Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo.

Daktari akachutama mpaka macho yake yakawa sawa na ya binti, akaanza kusema polepole. Binti aliitikia kwa kichwa mara kwa mara kama mwanafunzi mwema. Halafu akanigeukia. "Mama atapona. Wanamshona. Mtoto..." "Alikuwa wa kiume, Baba. Mtoto hakuweza."

Mtoto wangu wa kike, mwenye jina la mama yangu, ndiye aliyeniletea msiba wangu. Ilibidi yeye ausikie kwanza, auelewe, kisha autafutie maneno.

Nami sikumwacha hapo. Nikasema, "Muulize. Kama ningewaita haraka, angepona?"

Binti alimgeukia daktari. Akauliza. Daktari akajibu kwa kirefu, na ndani ya jibu lile kulikuwa na neno moja alilolisema mara mbili, fupi, kama mtu anayepuliza mshumaa. Bibi Ufagio akageukia ukuta.

Binti akatazama viatu vyake. "Anasema hapana, Baba. Anasema ingekuwa vilevile."

27 Januari

Tumemzika. Wafanyakazi wa makaburi walichimba kwa mashine kwa sababu udongo umekuwa jiwe. Mke wangu alikaa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Binti alisimama katikati yetu akitafsiri kila agizo: sogeeni hapa, sasa mnaweza kuweka udongo, sasa basi.

Mwakani alikuja amevaa tai. Hakusogea karibu mpaka watu walipoanza kuondoka. "Mimi nina ndugu nyumbani, na mashamba, na kiwanja," akasema, "lakini sina kaburi hata moja huku. Ndiyo maana naweza kusema mwakani. Wewe sasa hutaweza." Alisema kama anayetoa pole, na nadhani ndivyo alivyokusudia.

Nimelifikiria neno lake njia nzima. Nilijiita mpitaji. Mpitaji haziki njiani.

3 Februari

Nimerudi darasani. Nilimkuta mwalimu anafuta ubao. Hakuniuliza nilikuwa wapi, alinivutia kile kiti kidogo. Nikakaa. Tukasema paka.

8 Februari

Jumapili. Sikunyoa mtu.

10 Februari

Mke wangu haongei. Si kwamba amenuna, ukimuuliza anajibu. Bibi Ufagio hupanda kila mchana kukaa naye. Wanakaa kimya wakitazama dirisha, yule akifuma, huyu akishika uzi. Leo nilimsalimia bibi kwa lugha yake, salamu niliyojifunza jana. Akaweka sindano chini akanijibu kwa maneno mengi mno. Nikaambulia moja: "leo". Nikaitikia kwa kichwa. Nikawachemshia chai, nikaondoka kwenda kazini nikiwa na aibu ya miezi yote ile. Salamu yenyewe ni maneno mawili tu.

17 Februari

Nimejifunza jina la mtaa wetu. Nimelitamka njia nzima kwenda ghalani, kama mwendawazimu.

24 Februari

Leo mwalimu amefundisha habari za wakati. Alichora saa ubaoni, kituo cha basi, na watu watatu. Mmoja amesimama kituoni na basi halijaja. Wa pili anapanda. Wa tatu anakimbia na basi limeshaondoka, koti linapepea. Tukacheka, anachora vibaya. Akamgusa yule wa tatu kwa chaki, akatuambia neno la kuchelewa. Akamgusa wa kwanza, akatuambia neno la mapema.

Lilikuwa fupi. Kama mtu anayepuliza mshumaa.

Mwalimu akataka tulirudie kwa pamoja. Wenzangu wakalirudia. Nikalisikia kwa sauti zao zote, na ndani yake sauti ya daktari, mara mbili, pale ukumbini. Nikainua mkono, mara ya kwanza tangu nianze, nikamwomba aliseme tena. Akalisema. Nikamwomba tena. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, neno hilo ninalo.

Mtu hasemi "mapema" mara mbili kama jibu ni hapana.

25 Februari

Nilimsubiri binti nje ya shule. Aliponiona alikuja mbio, uso umebadilika. "Nini, Baba? Nani anakuhitaji? Tunaenda wapi?" Nilisikia uchungu. Mtoto akimwona baba yake mlangoni pa shule anapaswa kufikiri peremende.

Tukakaa kwenye benchi, nikafuta theluji kwa mkono.

"Mama," nikamwambia, "siku ile daktari alisema mapema. Nimelijua neno."

Alianza kufungua na kufunga zipu ya mkoba.

"Alisemaje? Sikugombezi."

"Alisema labda." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alisema kama tungefika mapema, labda. Halafu akasema tena, hata mapema si hakika. Alisema labda, Baba. Hakusema ndiyo."

"Kwa nini uliniambia hapana?"

"Kwa sababu ulikuwa umeshika ukuta." Akaanza kulia, bila kelele, kama mtu mzima. "Niliona ungeanguka. Na Mama alikuwa ndani. Mngekuwa wote wawili mmeanguka, ningebaki na nani?"

Amelibeba lile "labda" tangu Januari. Kalipeleka shule na kulirudisha. Kala nalo mezani akinitazama nikila. Nilimkumbatia na mkoba wake na kila kitu. Nikamwambia, "Kuanzia leo hunitafsirii tena. Hata dukani."

"Na usipoelewa?"

"Nitawaomba warudie."

"Watachoka, Baba."

"Wachoke wao. Wewe umechoka vya kutosha."

Kisha akauliza kama anaweza kubaki kidogo, kuna wenzake wanateleza kwenye theluji wakikalia sahani za plastiki, kilimani nyuma ya shule. Nikasema nenda. Nikabaki kwenye benchi nikisikia kelele zao. Ya kwake sikuweza kuitofautisha, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo.

1 Machi

Asubuhi tulikuwa tunakunja shuka, mimi ncha hizi, mke wangu ncha zile. Nikamwambia. Nilimwambia yote: simu niliyoikata, maneno niliyomwambia yule mwanamke, "labda" ya daktari. Sikumtaja binti kwa ubaya.

Aliendelea kukunja. Akaja mpaka kwangu, akachukua ncha zangu mkononi mwangu, akaweka shuka juu ya nyingine.

"Najua," akasema. "Wauguzi walinieleza siku ya pili. Niliwauliza mwenyewe."

"Umejua siku zote hizi?"

"Siku zote."

"Mbona hukuniambia?"

Alifikiri kidogo, nami nilijua hatafuti la kuniumiza, anatafuta la kweli. "Nilikwambia kabla, kwa lugha yetu wenyewe, hapo jikoni. Ukanicheka. Baada ya pale nilikuwa sina tena la kukwambia."

Nyumba nzima ilijua. Binti alijua, mke wangu alijua, Bibi Ufagio alijua pale alipogeukia ukuta. Nilimlaumu kila mtu wa nchi hii kwa kunifanya mgeni, kumbe ugeni wenyewe nilikuwa naulea humu ndani, mezani pangu.

Nikamwambia kama anataka turudi kwetu, nitauza hata mkasi. Akatikisa kichwa. "Nimwache nani kule makaburini?" Nikamwuliza kama ananichukia. "Sikuchukii. Nimechoka. Niache nichoke, baba. Usiniombe kitu."

Nikachukua shuka ya pili. Akashika ncha zake.

9 Machi

Mwakani anamtaka mwalimu ampokee. Nimempeleka. Amekaa kwenye kiti kidogo na tai yake, jasho linamtoka. Hakuna aliyecheka.

22 Machi

Theluji inayeyuka mitaani, inakimbia pembeni mwa barabara ikiwa nyeusi. Leo mke wangu alisema, bila kumtazama mtu, "Twende tukamwone." Tukaenda sote watatu.

Siku ya maziko kila kitu kilikuwa cheupe, na sasa vijia na vichaka vimechomoza ambavyo hatukuvijua. Tukazunguka. Akaja mzee anayetunza makaburi, anasukuma toroli lenye majani makavu. Akasimama, akatuuliza kitu.

Binti alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akatazama pembeni.

Nilikuwa nimeelewa. Alikuwa anauliza tunamtafuta nani. Nikamjibu, polepole, kwa lugha yake: "Mwanangu. Wa kiume."

Akauliza jingine. Hilo lilinipita. Nikamwomba arudie, naye akarudia bila kuchoka, neno moja moja. Anauliza alikuwa na umri gani, ili ajue ni upande upi.

Nilielewa swali lote. Namba ninazijua sasa, na siku, na miezi, na miaka. Nilisimama mbele ya mzee yule nikiwa na maneno yote anayoyahitaji mtu kujibu, nikayapitia moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililokuwa la mwanangu. Mke wangu alisubiri. Binti alisubiri. Hakuna aliyenisemea.

"Hakufika," nikasema.

Mzee akavua kofia. Akaacha toroli lake njiani, akatutangulia mpaka mstari wa mwisho, kandokando ya ukuta, ambako jua halijafika na theluji bado imelala.